Umri wa Marehemu

Katika ukoo wetu wanaume walikuwa wanakufa wakiwa bado na nguvu za kushika jembe. Babu mzaa baba alianguka shambani msimu wa kuvuna mpunga na hakuinuka tena. Baba alilala usiku kama kawaida yake. Asubuhi mama alipomwamsha, hakuitika. Alikuwa na miaka 48. Kaka yangu mkubwa, dereva wa lori, aliegesha gari pembeni mwa barabara karibu na Tunduma, akamwambia utingo wake kwamba kifua kinambana, na kabla utingo hajapata gari la kumkimbiza hospitali alikuwa ameshakata roho. Alikuwa na miaka 43. Mwanawe wa mwisho alikuwa hajaanza shule.

Kwetu Bondeni, huku Kyela, mtu aliyeonekana mzima akifa ghafla, watu hawaulizi amekufa kwa nini. Wanauliza nani. Nani aligombana naye mpaka wa shamba, nani alikuwa haipendi ile nyumba yake ya bati. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyekaa kwa Wanyakyusa na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliandika kwa kirefu kuhusu imani ya wazee wetu kwamba manung'uniko ya majirani, pumzi yao, yanaweza kumshukia mtu aliyekosea na kumtia ugonjwa. Imani ile ilikuwa na kazi yake, kwa sababu iliwafanya watu waogope kuwadhulumu wenzao. Lakini kwa vifo kama cha baba haikutusaidia kitu. Tulipomaliza kumzika, mama mmoja mjane wa jirani alianza kutazamwa kwa jicho baya, na haukupita muda akafungasha, akarudi kwa kaka zake upande wa Ngonga. Hakuna aliyesimama pale msibani akasema kwamba babu naye alikufa hivyohivyo.

Aliyekuwa anajua ni shangazi, dada yake baba. Shule alisoma kidogo sana, lakini ukoo wote alikuwa nao kichwani. Kwenye matanga ya kaka, watu walipoanza kutawanyika, nilikaa naye kwenye mkeka nikiwa na daftari la shule, nikamwomba anitajie ndugu zetu waliotangulia. Kwa kila jina nilimuuliza mambo mawili tu: alikuwa na umri gani, na alikufaje. Miaka hakuwa nayo, ila alikuwa na matukio. Huyu alizaliwa mwaka mto Kiwira ulipofurika ukaondoka na ghala la babu, yule alioa mwaka wa Uhuru, mwingine alikufa vijana wakiwa bado hawajarudi kutoka Vita vya Kagera. Nilipiga hesabu pembeni mwa ukurasa kadiri alivyokuwa akisema.

Tulipomaliza nilimsomea. Waliotoka kwa babu, wanaume, wengi wao hawakufika miaka 55: kifua, kifua, alianguka, alipooza upande akaishi mwezi mmoja. Wanawake wa tumbo hilohilo walisogea mbele zaidi kidogo. Walioolewa kwetu kutoka koo nyingine walizeeka wakafa na mvi zao. Shangazi alinyamaza kwanza, halafu akaniuliza, "Mwanangu, hawa wote mchawi wao alikuwa mmoja?"

Daftari hilo ndilo nililokwenda nalo hospitali Mbeya mjini, ambako nilikuwa nafundisha sekondari. Daktari aliyenipokea alikuwa kijana, mdogo kwa umri kuliko wanafunzi wangu wa kwanza. Alipima presha, akasikiliza moyo, halafu akauliza, "Mwalimu, mzee alifariki akiwa na umri gani?" Nikamfungulia ukurasa. Aliusoma wote bila kusema neno, kisha akaniomba nivue viatu.

Aliinama akaushika ule mshipa mgumu nyuma ya kisigino, unaounganisha misuli ya mguu na mfupa, akaubinya taratibu kutoka juu kwenda chini. Pale palikuwa na uvimbe mgumu, kama punje mbili za maharage chini ya ngozi, usiouma, unaopanda na kushuka mguu ukikunjwa. Kaka alikuwa nao, mkubwa kuliko wangu. Baba mdogo anao mpaka leo. Akikaa ufukweni kushona nyavu, miguu kaielekeza mbele, unauona waziwazi. Nyumbani tuliuita alama ya ukoo, na watoto walikuwa wanalinganisha visigino kujua nani kamfuata babu. Daktari akavuta chini kope yangu, akatazama na kona za macho, pale ambapo kaka alikuwa na mabaka madogo ya rangi ya manjano. "Haya ni mafuta," akasema. "Yakishakaa hapa, na kwenye mishipa ya moyo yapo."

Majibu ya maabara yalipotoka, lehemu (kolesteroli) mbaya katika damu yangu ilikuwa karibu mara mbili ya kiwango kinachotakiwa. Wakati huo sikuwa mnene. Sivuti sigara. Nilikuwa natembea kwa miguu kwenda kazini kila siku.

Alinieleza jambo ambalo tangu hapo nimelieleza kwa watu wengi. Lehemu si sumu. Mwili wenyewe unaitengeneza kwenye ini na kuitumia kujenga seli. Ikishamaliza safari yake katika damu, ini huirudisha ndani kwa kutumia vipokezi vilivyo juu ya seli zake. Vipokezi hivyo waligundua Michael Brown na Joseph Goldstein huko Dallas, Marekani, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Mtu akirithi jeni lenye hitilafu kutoka kwa mzazi mmoja, anabaki na takriban nusu ya vipokezi vinavyofanya kazi. Lehemu inabaki ikizunguka kwenye damu tangu siku anayozaliwa. Kila mtoto wake ana nafasi moja kati ya mbili ya kurithi jeni hilo. Akirithi kwa wazazi wote wawili, moyo unaweza kushindwa akiwa bado mtoto. Wala si ugonjwa wa ajabu. Inakadiriwa mtu 1 kati ya 250 hadi 300 duniani anao, na wengi wao hawajui.

Watu hudhani mshipa unaziba kama bomba lenye uchafu. Sivyo. Lehemu hupenya na kuingia ndani ya ukuta wa mshipa. Chembe nyeupe za damu huja kuila, zinashiba, zinafia mulemule, na ukuta unavimba kwa ndani kama jipu lisilouma. Miaka inakwenda na mtu analima, anacheza mpira, anaoa. Siku jipu linapopasuka, damu huganda juu yake kwa dakika chache, na sehemu ya moyo au ya ubongo inakosa damu. Hicho ndicho kilichomkuta kaka kule Tunduma, na ndicho kinachoitwa "kifo cha ghafla" ingawa kimechukua miaka 20 au 30 kujiandaa. Mwaka 1953 madaktari wa jeshi la Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa mioyo ya wanajeshi 300 waliouawa katika vita vya Korea. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22, na asilimia 77 walikuwa tayari na dalili za ugonjwa kwenye mishipa ya moyo. Vijana waliokuwa wakibeba bunduki na kupanda milima!

Sasa nirudi kwa baba mdogo, maana yeye ndiye aliyenifanya nisikubali kwamba mambo yote yameshaandikwa kwenye damu. Ameshapita miaka 70. Visigino vyake ni vibaya kuliko vyetu sote. Nilipombembeleza sana akakubali kupimwa, lehemu yake ilikutwa juu sawa na yangu, lakini presha yake ilikuwa ya kijana na sukari haikuwa na neno. Maisha yake yote amevua samaki upande wa Matema. Anavuta kasia, anavuta nyavu, anapandisha mtumbwi mchangani. Chakula chake ni usipa, mbasa alipokuwa akipatikana, ndizi, maharage, majani ya maboga. Sigara hakuipenda tangu ujana. Pombe ya kimpumu anakunywa kwenye misiba, basi.

Kaka aliondoka Bondeni akiwa na miaka 19. Kazi ya lori ni kukaa. Ni kukesha, kula usiku pale gari linaposimama: chipsi mayai, kitimoto, nyama choma yenye chumvi ya kutosha kuamsha bia. Sigara ilimsaidia asisinzie, na alivuta pakiti nzima kwa safari. Sisemi haya kumlaumu marehemu. Lori lile ndilo lililonilipia ada, likawalisha watoto wa baba baada ya baba kuondoka. Nasema kwa sababu kaka na baba mdogo walikuwa na kisigino kimoja, na mmoja ameishi miaka ambayo mwenzake hakuipata.

Familia moja haiwezi kuwa ushahidi, hilo nalijua. Lakini nimekuta kwamba kuna wengine waliofanya kwa uangalifu mkubwa kile tulichofanya mimi na shangazi kwenye mkeka. Huko Uholanzi watafiti walifuatilia ukoo mmoja mkubwa wenye ugonjwa huu wa lehemu, wakirudi nyuma karne mbili na kuangalia nani alikufa akiwa na umri gani. Walichapisha mwaka 2001. Katika karne ya 19 wenye jeni lile hawakuwa wakifa mapema kuliko watu wengine wa nchi yao. Vifo vya mapema viliongezeka katika karne ya 20, vikafikia kilele kati ya miaka ya 1930 na 1960, kisha vikapungua. Jeni halikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni chakula, sigara, kazi, na baadaye tiba. Wachina wenye jeni lenye hitilafu hiyohiyo nao walilinganishwa na Wachina wenzao waliohamia Kanada: waliobaki kwao walikuwa na lehemu ndogo zaidi.

Na kuna utafiti wa kwetu, ambao hunishangaza kwamba hausomwi shuleni. Ukisimama Matema ukatazama mashariki, Milima ya Livingstone inashuka mpaka majini. Ukifuata ufuko huo kwenda kusini unafika Ludewa. Meli za MV Songea na MV Iringa zilipotoka bandari ya Itungi zilikuwa zinatia nanga Lupingu na Manda, kwa hiyo watu wa huko ni majirani zetu. Mwaka 1996 jarida la The Lancet lilichapisha kazi ya Paolo Pauletto wa Padova, Italia, na wenzake, inayojulikana kama utafiti wa Lugalawa. Waliwalinganisha watu 618 wa vijiji vya wavuvi kando ya Ziwa Nyasa na watu 645 wa vijiji vya ndani waliokula nafaka na mboga. Wote ni Wabantu, wa eneo moja. Wavuvi walikuwa wanakula gramu 300 hadi 600 za samaki kwa siku. Presha ya kupanda ilikutwa kwa asilimia 2.8 ya wavuvi. Kwa wale wasiokula samaki ilikuwa asilimia 16.4. Lehemu na mafuta mengine ya damu vilikuwa chini zaidi kwa wavuvi.

Kilichonigusa zaidi ni sehemu iliyofuata, mwaka 1999. Kuna aina ya chembe ya mafuta katika damu iliyogunduliwa na Kåre Berg wa Norway mwaka 1963, inaitwa lipoprotini (a). Inaharibu mishipa, watu wenye asili ya Afrika huwa nayo nyingi, na kiasi chake hutegemea sana jeni tulilorithi. Watafiti wa Lugalawa walipima muundo uliorithiwa wa chembe hiyo kwa wavuvi na kwa wale wengine, wakakuta tofauti ya urithi haitoshi kueleza matokeo. Hata hivyo wavuvi walikuwa na kiasi kidogo zaidi katika damu, na watafiti wakakihusisha na samaki. Natambua kwamba kulinganisha vijiji vya aina mbili hakutenganishi samaki na kila kitu kingine. Mvuvi anakula tofauti, anafanya kazi tofauti, na joto la ziwani si baridi ya milimani. Lakini ni ziwa letu. Ni usipa huuhuu tunaouanika mchangani, tunaupakia kwenye magunia na kuupeleka Mbeya na Dar es Salaam, halafu kijana wetu na hela aliyopata ananunua chipsi zilizokaangwa kwenye mafuta yaliyochemshwa mara nyingi mpaka yakawa meusi.

Mawese yetu nayo niyataje, kwa sababu watu huniuliza. Karibu nusu ya mafuta yake ni yale yanayoganda, yanayopandisha lehemu. Bibi alikuwa anatia kijiko kimoja kwenye mboga ya watu wengi. Tatizo lilianza chupa ilipogeuka kuwa kipimo.

Wapo wanaonijibu kwa Wamaasai: mbona wanaishi kwa maziwa na nyama, na moyo hauwasumbui? George Mann na wenzake walijiuliza hivyo zamani. Mwaka 1972 walichapisha matokeo ya uchunguzi wa mioyo ya wanaume 50 wa Kimaasai waliofariki, wakakuta mafuta yamo kwenye kuta za mishipa kama ya wazee wa Marekani, ila mishipa yenyewe ilikuwa mipana, damu inapita. Mann aliona ni matunda ya kutembea. Wengine, mwaka mmoja kabla, walisema miili ya Wamaasai ina uwezo wa kupunguza lehemu inayotengenezwa ndani pale ya chakula inapozidi. Mimi naona yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja. Na anayejitetea kwa Mmaasai huku amepanda bodaboda kwenda dukani umbali wa kurusha jiwe, hajitendei haki.

Urithi pia hauleti mabaya tu. Mwaka 2006 huko Marekani ilionekana kwamba katika kila watu weusi 100 waliofuatiliwa, kama 2 au 3 walikuwa na hitilafu kwenye jeni liitwalo PCSK9 inayolifanya ini liondoe lehemu kwa kasi. Lehemu yao mbaya ilikuwa pungufu kwa asilimia 28, na ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa pungufu kwa asilimia 88. Baadaye Zimbabwe alipatikana mwanamke kijana aliyerithi hitilafu hiyo kwa wazazi wote wawili. Lehemu yake mbaya ilikuwa karibu hakuna, naye alikuwa mzima. Kutokana na maarifa hayo zimetengenezwa dawa za sindano, zikaanza kuruhusiwa mwaka 2015. Damu ya Kiafrika imeufundisha ulimwengu namna ya kulinda moyo. Dawa zenyewe bado ni ghali mno kwa mtu wa Kyela, na hilo linaniuma.

Watu wengi hawana jeni moja lenye hitilafu kubwa kama letu. Wana tofauti ndogondogo nyingi, kila moja ikisukuma kidogo. Kwa watu hao mazingira yana nguvu zaidi bado. Wajaluo waliofuatiliwa wakihama vijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi katika miaka ya 1980, presha yao ilikuwa juu ya wenzao wa kijijini muda mfupi tu baada ya kufika mjini, chumvi ikiwa imeongezeka kwenye chakula. Hapa Tanzania, waliohesabu wagonjwa wapya wa kiharusi kati ya 2003 na 2006 walipata, baada ya kusawazisha umri, watu 108.6 kwa kila 100,000 kwa mwaka wilayani Hai, na 315.9 Dar es Salaam. Nchi moja, karibu mara tatu.

Kwetu tulianza na kikao cha ukoo, nyumbani kwa baba mdogo, baada ya mavuno. Nilileta daftari. Shangazi alikaa kwenye kiti cha mbele na ndiye aliyesoma majina, kwa kichwa, mimi nikitaja umri. Haikuwa rahisi. Binamu mmoja alisema ninawatangazia watoto wetu ugonjwa ili mabinti wetu wasiolewe. Shemeji mwingine akauliza kama hospitali imenilipa. Nilimwachia baba mdogo awajibu. Alivua makubazi, akaweka mguu juu ya stuli mbele ya watu wote, akasema, "Njooni mshike."

Walishika, mmoja baada ya mwingine, na watoto wakaanza kushika visigino vyao wenyewe.

Tangu siku hiyo watu wa tumbo la babu wamekuwa wakipimwa. Zahanati ya kijiji hupima presha na sukari. Lehemu inabidi kwenda mjini, nauli ikiwa mkononi, na wapo ambao wamekata tamaa njiani. Tuliokutwa nayo tunameza statini, dawa za kupunguza lehemu, kila siku, hata tusipoumwa kitu, na hapo ndipo penye kazi, maana Mtanzania amezoea kuacha dawa akijisikia nafuu. Wawili waliacha sigara. Mtoto wa kwanza wa marehemu kaka amekutwa na jeni la babu, na ameanza tiba akiwa na umri ambao baba yake alikuwa anajifunza udereva. Misiba yetu bado ina pilau na ng'ombe, sina nia ya kuiondolea heshima yake. Tumeongeza jambo moja tu: siku ya kuanua matanga, mtu mmoja huandika kwenye daftari umri wa marehemu na alivyokufa.

Ndugu msomaji, ikiwa baba yako au kaka yako alipata mshtuko wa moyo kabla ya miaka 55, au mama yako au dada yako kabla ya miaka 65, usisubiri kuumwa. Nenda kapime presha, sukari na lehemu, na mwambie daktari umri huo kabla hajakuuliza. Wapeleke na watoto wako. Wazee wanaokumbuka wapo nawe leo. Kaa nao uandike.